Gari bovu uani, barua ya jiji mkononi

BARUA

Mshauri wetu, salamu nyingi.

Tunaishi Texas, kaunti ya Tarrant, familia ya watu saba. Tulipofika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tulipanga apatimenti miaka sita, na mwaka jana Mungu akatujalia tukanunua nyumba. Mume wangu ni dereva wa semi. Wikiendi trela analiacha kazini, anarudi na kichwa tu, na hicho kichwa anakipaki kwenye majani pembeni ya nyumba, maana draivuwei yetu inachukua magari mawili, langu na la mume wangu. Gari dogo la kijana wetu mkubwa nalo linalala kwenye majani mbele ya dirisha.

Sasa ubavuni mwa nyumba, mahali panapoonekana kutoka barabarani, kuna Toyota Sienna ya mwaka 2007 ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Giaboksi ilikufa mwezi wa pili. Yeye akapata kazi Iowa, akahama, akatuachia gari. Stika ya usajili iliisha mwezi wa nne. Magurudumu mawili ya mbele yametolewa, limekaa juu ya matofali.

Tarehe 7 nilipokea barua ya jiji. Ndani imeandikwa tarehe 3, na muhuri wa posta ni wa tarehe 3. Juu ya bahasha pana maneno Code Compliance, nikadhani ni kodi ya nyumba. Kijana akanisomea: gari hilo ni kero kwa umma, liondolewe ndani ya siku 10 au tuombe kusikilizwa. Mstari mwingine unasema tumepaki magari mahali pasiposakafiwa.

Nimelifunika na turubai la bluu. Jirani anatushauri tulisukume hadi barabarani kwa sababu barabara ni ya wote, au tulipeleke kwa rafiki yetu mtaa wa pili mpaka mambo yapoe. Mume wangu anasema hawawezi kuchukua kitu ndani ya kiwanja tunachokilipia wenyewe. Leo ni tarehe 8. Tufanye nini? Na kichwa cha semi, tumwage zege ili akipaki hapo?

Mama Watano, Texas

JIBU

Mama Watano, salamu zimefika, na hongera ya nyumba.

Kabla ya gari tuangalie kalenda. Kama unahesabu siku zako kuanzia tarehe 7 ulipofungua bahasha, unajipunja. Magari chakavu katika miji ya Texas yanasimamiwa na sura ya 683 ya sheria ya usafiri ya jimbo. Miji inaandika kanuni zake juu ya msingi huo. Sheria hiyo inataka kero iondolewe kabla ya kupita siku ya kumi baada ya barua kukabidhiwa mkononi au kutumwa kwa posta. Imesema kutumwa, haikusema kufika. Barua yako ilitumwa tarehe 3, kwa hiyo mwisho wako ni tarehe 13. Zimebaki siku tano. Isome tena barua pamoja na kijana, na kama jiji limeandika tarehe kamili ya mwisho, shikeni hiyo.

Maneno Code Compliance hayahusu kodi hata kidogo. Ni idara ya jiji inayosimamia kanuni za makazi: majani marefu, takataka, uzio uliolala, magari. Watu wengi wenye Kiswahili huiweka bahasha hiyo kwenye fungu la bili, na siku kumi zinakwisha ikiwa bado imefungwa.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa hata boliti moja, omba kusikilizwa. Ombi lazima liwe limefika kabla siku kumi hazijaisha. Likichelewa siku moja, nafasi hiyo imepotea. Likiwahi, kikao hakiwezi kukaa mapema kuliko siku ya 11 tangu barua ilipotolewa, nawe utakuwa umepata siku za kufanya kazi badala ya kukimbizana na gari la kuvuta. Kuomba kusikilizwa si kugombana na jiji wala si kukiri kosa. Ukimaliza tatizo kabla ya kikao, unawajulisha na faili linafungwa.

Barua ya ombi iwe fupi na iwe ya Kiingereza. Kijana anaweza kuiandika kwa dakika kumi. Iwe na jina lako, anwani ya nyumba, namba ya kesi iliyo juu ya barua ya jiji, aina na mwaka wa gari, namba ya pleti, na ile namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17, ambayo utaiona kwenye dashibodi ukichungulia kioo cha mbele upande wa dereva. Kisha sentensi moja: naomba kusikilizwa kuhusu gari hili kabla halijaondolewa. Tarehe, sahihi. Usiitie posta, maana inaweza kufika tarehe 14. Ipeleke mkononi, nakala mbili, wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na siku hiyohiyo mtumie afisa aliyetajwa kwenye barua picha ya nakala hiyo kwa barua pepe.

Wala usimsubiri shemeji. Jiji linatakiwa kumjulisha mwenye gari wa mwisho aliyesajiliwa, mwenye dhamana kama gari lina mkopo, na mwenye kiwanja au anayeishi hapo. Yeyote kati ya hao anaweza kuomba kusikilizwa, na wewe umo.

Sasa hoja ya mume wako. Naielewa, na inauma mtu kuambiwa cha kufanya kwenye ardhi aliyoivujia jasho. Lakini sheria hiyo inamruhusu afisa kuingia kwenye kiwanja binafsi kulikagua gari chakavu, kuchukua namba zake na kuamuru liondolewe. Na likishaondolewa, maji yamemwagika. Jiji linaijulisha idara ya magari ya jimbo, TxDMV, ndani ya siku 5, hati ya umiliki inafutwa papo hapo, na sheria inakataza gari hilo lisitengenezwe tena likatembea. Linakwenda kuwa chuma. Hakuna kwenda kulikomboa kama gari lililovutwa kwa kupaki vibaya. Juu ya hapo kuna faini ya hadi dola 200 kwa kosa la gari chakavu. Kupaki kwenye majani ni kosa jingine la kanuni za mji, lina tiketi yake, na sheria ya jimbo inairuhusu miji kupanda hadi dola 2,000 kwenye makosa ya matumizi ya ardhi na usafi.

Gari bovu peke yake si kosa, na hapa ndipo penye njia ya kutokea. Ili gari liitwe chakavu lazima masharti mawili yatimie kwa pamoja. La kwanza, pleti imekwisha muda au haipo kabisa. La pili, gari limebondeka, limefunguliwa vipande au limetelekezwa. Au halifanyi kazi na limekaa hivyo zaidi ya siku 30 mfululizo kwenye kiwanja binafsi. Neno linalobeba sheria nzima ni hilo "na". Gari lenye stika hai ambalo giaboksi yake imekufa halijatimiza sharti la kwanza. Gari lenye stika iliyokwisha lakini linawaka na kutembea halijatimiza la pili. Sienna ya shemeji imetimiza yote, tena yale matofali chini ya ekseli yanalitangaza mbele ya kila anayepita.

Kwa hiyo kesho, mkishapeleka ombi, rudisheni magurudumu. Ni kazi ya nusu saa: jeki juu ya ardhi ngumu au juu ya kipande cha mbao nene, gurudumu liingie, nati tano zikazwe kwa kuruka, moja na ile ya ng'ambo yake, tofali litoke. Jazeni tairi upepo. Hiyo haimalizi kesi, lakini gari halitaonekana tena limefunguliwa vipande, na litaweza kusukumwa, kitu mtakachokihitaji kwa vyovyote.

Kutoka hapo kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kulitengeneza na kulisajili. Tarrant ni moja ya kaunti za Texas ambako gari la petroli lenye umri wa miaka 2 hadi 24 linapimwa moshi kabla ya kusajiliwa upya. Ukaguzi wa usalama wa magari ya kawaida uliondolewa tangu Januari 1, 2025, lakini wa moshi umebaki, na Sienna yako imo. Gari lisilotembea halifiki kituoni. Na hata giaboksi ikirudi, kuna mtego unaowakwamisha watu wengi baada ya gari kulala miezi. Betri ikifa au ikitolewa, kompyuta ya gari inasahau majaribio yake yote ya ndani. Mpimaji akichomeka mashine yake, gari linasoma "bado haliko tayari" na linarudishwa bila kupimwa; kwa magari ya 2001 na kuendelea linavumiliwa jaribio moja tu ambalo halijakamilika. Dawa yake ni kuliendesha siku kadhaa, kuliwasha likiwa limepoa, kulipitisha barabara kuu na za mjini, mpaka kompyuta ijijaze. Pleti ikiwa imekwisha, iulizeni ofisi ya kodi ya kaunti kuhusu kibali cha muda, na bima lazima iwe hai. Kiwango cha chini Texas ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali.

Mkichukua njia hii, tayarisheni ushahidi wa video. Kwenye kikao gari linahesabiwa kuwa halifanyi kazi mpaka mwenyewe athibitishe kinyume chake, kwa hiyo mzigo uko kwenu. Video moja isiyokatwa: ianze kwenye pleti na stika, iende kwenye funguo, injini iwake, gari liende mbele mita kumi na lirudi nyuma kwa nguvu zake. Picha ya injini inayounguruma tu haitoshi, kwa sababu gari lenye giaboksi mbovu nalo huunguruma.

Njia ya pili ni gereji, kama mnayo na mnaweza kuitoa mizigo. Sheria inaliacha gari lililofungiwa lote ndani ya jengo kihalali, lisiloonekana kutoka barabarani wala kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Sienna ya 2007 ina urefu wa karibu futi 17 na upana wa futi sita na nusu bila vioo. Gereji ya gari moja yenye futi 12 kwa 20 inaipokea. Kibanda cha paa na nguzo bila kuta hakitoshi. Kama Sienna yenu ni ile inayovutwa na magurudumu ya mbele tu, giaboksi ikiwa imeng'ang'ania na gia haitoki, ni ya mbele mtakayoinua juu ya vigurudumu vya kusukumia. Ya nyuma yatazunguka yenyewe mkiachia hendibreki. Watu wanne wanatosha kwenye sakafu tambarare. Msilisukume kwenye mteremko bila mtu kwenye breki, na kumbukeni injini isipowaka kanyagio la breki linakuwa gumu kama jiwe, likanyagwe kwa nguvu zote.

Njia ya tatu ni kuliuza kwa wanunuzi wa magari chakavu wenye leseni, na kwa maoni yangu hii ndiyo yenu. Giaboksi ya gari la umri huo, pamoja na kazi ya fundi, huweza kuzidi thamani ya gari zima, na siku tano hazitoshi kuitafuta, kuifunga na kupita kwenye moshi. Kama kuna sababu ya kulihifadhi, liende gereji. Kama hakuna, liache liende.

Hapo ndipo hati ya umiliki inapotafutwa, nayo iko kwa shemeji. Mpigie leo. Kama anayo, aisaini nyuma sehemu ya muuzaji na kuituma kwa posta ya siku moja. Kama hawezi kufuatilia mauzo kutoka Iowa, ajaze fomu VTR-271, ambayo inampa mume wako mamlaka ya kusaini kwa niaba yake. Kama hati imepotea, nakala inaombwa kwa fomu VTR-34: dola 2 kwa posta, dola 5.45 ukienda mwenyewe kwenye ofisi ya kanda ya TxDMV, na kwenu chagueni ya kwenda wenyewe. Kama gari lina mkopo ambao haujaisha, mkopeshaji lazima atoe barua ya kuachia kwanza.

Mkiamua kulihifadhi, lihamie jina la mume wako ili barua zijazo zisiende kwenye anwani ya zamani ya shemeji. Ndugu kwa ndugu inahesabiwa zawadi: fomu 130-U na fomu 14-317, kodi ya zawadi ni dola 10 badala ya asilimia 6.25, pamoja na ada ya hati. Mmoja wao, mtoaji au mpokeaji, aipeleke mwenyewe ofisi ya kodi ya kaunti akiwa na kitambulisho.

Siku ya kuuza, ulizeni bei ikiwa na gharama ya kuvuta ndani yake, maana kuna anayetaja bei nzuri kwenye simu kisha anakata ya kuvuta akiwa mlangoni. Asije mtu kwanza kukata katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, chini ya gari na kuahidi kurudi kuchukua bodi. Mtabaki na gari lililofunguliwa vipande kweli, na biashara ya katalisti zilizong'olewa inafuatiliwa kwa karibu Texas. Toeni pleti zote mbili na mbaki nazo. Pigeni picha ya ile namba ya tarakimu 17. Mpewe risiti yenye jina la mnunuzi, tarehe na namba hiyo. Usiku huohuo jazeni taarifa ya mauzo kwenye tovuti ya TxDMV, ni fomu VTR-346, bure, mwisho siku 30. Bila hiyo gari likikutwa limetupwa mahali, jina linalojitokeza ni la shemeji. Bima ikatwe mwisho kabisa. Risiti mtumieni afisa, na muombe jibu la maandishi kwamba kesi imefungwa.

Turubai litoe. Halibadilishi chochote, kwa kuwa sheria imesema jengo, na turubai la bluu linaonekana kutoka mbali kuliko gari lenyewe. Watu pia husema panda miti au jenga uzio mbele ya gari. Huo ni msamaha wa wakusanyaji wa magari ya kale, yenye miaka 25 au zaidi, au yanayohifadhiwa kwa thamani yake ya kihistoria. Sienna haimo.

Ushauri wa jirani ni wa nia njema, lakini utawaumiza. Kwenye kiwanja chako gari bovu lilikuwa na siku 30. Barabarani zinakuwa saa 72. Tena gari lisilofanya kazi, lenye zaidi ya miaka mitano, likiachwa mahali pa umma zaidi ya saa 48 linahesabiwa limetelekezwa, na linavutwa kwa utaratibu mwingine wa haraka. Kulipeleka kwa rafiki mtaa wa pili hakusaidii pia: likihamishwa ndani ya mji huohuo baada ya kesi kuanza, na likawa kero huko lilikokwenda, kesi inaendelea kama kawaida. Mtakuwa mmemwingiza rafiki matatani bila nyinyi kutoka.

Sasa kichwa cha semi, na hapa nakuomba usimwage zege hata ndoo moja kabla ya kuuliza. Miji mingi ya Texas inaweka kikomo cha uzito au aina ya gari la biashara linaloruhusiwa kulala kwenye mtaa wa makazi, na kikomo hicho hakijali kama chini ni majani au zege. Kichwa kitupu kina paundi 15,000 hadi 20,000. Slebu ya kawaida ya inchi 4 imepimwa kwa magari ya nyumbani. Chini ya kichwa itapasuka kwenye kona, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi wa Texas kaskazini unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi. Mtalipa zege, kisha mtaambiwa mkiondoe kichwa hata hivyo.

Mwulizeni afisa maswali matatu na ayajibu kwa barua pepe. Kikomo ni uzito gani, na ni ule ulioandikwa na kiwanda kwenye mlango au uzito halisi? Kinahusu barabarani tu, au na ndani ya kiwanja? Ni kifungu namba ngapi? Barabarani kuna sheria ya jimbo pia: kwenye kaunti kubwa, mtaa uliowekewa vibao hauruhusu gari la biashara kulala kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, isipokuwa liko kazini hapohapo, linashusha au linapakia. Jibu likiwa ni hapana, na mara nyingi ndivyo, mume wako amwombe tajiri wake akiache yadi kule kunakobaki trela, au akodi nafasi kwenye yadi ya malori yenye uzio na taa. Kama kichwa ni chake mwenyewe, awajulishe bima mahali kinapolala. Wakati wa dai la wizi hilo huulizwa.

Gari la kijana ndilo la kumwagia zege, kama kiwanja kinaruhusu. Kwa wiki hii lipaki nyuma ya lako kwenye draivuwei, bila kuziba njia ya waendao kwa miguu hata kwa bampa, kwa kuwa kupaki juu ya njia hiyo ni kosa la jimbo. Au lilale barabarani mbele ya nyumba, mradi pleti yake ni hai na linatembea: mbali na bomba la zimamoto futi 15, mbali na kibao cha kusimama futi 30, lisizibe mlango wa draivuwei ya yeyote. Ule ukanda wa majani kati ya njia ya miguu na barabara usiuguse. Mnaukata nyinyi, lakini ni wa umma.

Kuhusu zege lenyewe, ulizeni jiji mambo mawili kabla ya kuita fundi: ni vitu gani vinakubalika kama sakafu, na ni sehemu gani ya uwanja wa mbele inaruhusiwa kusakafiwa. Kokoto zilizomwagwa tu hukataliwa mahali pengi kwa sababu zinatawanyika na majani yanaota katikati. Pakiwa na haja ya kuvunja ukingo wa barabara kupanua mlango wa draivuwei, hapo kibali ni lazima, hiyo ni ardhi ya umma. Nafasi ya gari moja ni futi 9 kwa 18. Kwa unene wa inchi 4 hiyo ni futi za ujazo 54, sawasawa na yadi mbili za ujazo. Agizeni mbili na robo, kwa sababu ardhi haiwi tambarare kabisa na zege likipungua katikati ya kazi kiungo chake kitapasuka. Chini yake inchi 4 za kokoto zilizoshindiliwa. Nondo zikae katikati ya unene juu ya vitegemeo vidogo, zisilale chini kwenye udongo ambako hazifanyi kazi yoyote. Zege likatwe mistari kila futi 8 hadi 10 ili nyufa zifuate mistari. Mteremko uwe wa inchi moja hadi mbili kila futi 8, kuelekea barabarani, usielekee ukuta wa nyumba wala uwanja wa jirani. Gari lisipande kabla ya siku 7. Kabla ya kuchimba pigeni 811 siku mbili za kazi mapema waje kuweka alama za gesi na umeme; ni bure.

Jambo la mwisho, angalia makaratasi mliyosaini siku ya kununua nyumba kama kuna chama cha wenye nyumba. Kama kipo, kina masharti yake ya kupaki, na huweza kuwa makali kuliko ya jiji. Chama kabla ya kutoza faini kwa kawaida lazima kitume barua iliyothibitishwa na posta, kitoe muda wa kurekebisha, na kikupe siku 30 za kuomba kusikilizwa. Saa yake na ya jiji ni mbili tofauti. Barua ya kimoja haisimamishi kingine.

Mkishindwa kuelewana na ofisi kwenye simu, taja neno Swahili na usubiri. Waombe mkalimani badala ya kumtumia kijana kwenye mazungumzo ya tarehe na faini. Miji mikubwa kama Dallas na Houston inapokea simu hizo kwa namba 311. Mji wenu ukiwa mdogo, tumia namba iliyoko juu ya barua. Andika jina la uliyezungumza naye na saa, nyuma ya bahasha ileile.